Amri Ulizonitajia Ukiwa Mwanza

Baba Asimwe, mume wangu,

Juzi nimesikia tena habari ya kifo chako. Ilikuwa Kayanga, kwenye kikao cha waganga wafawidhi na sisi wauguzi wa vituo. Mratibu wa mradi alisimama mbele ya wageni akasimulia jinsi ulivyokuwa umelala hospitalini Mwanza, hujiwezi, lakini uliposikia kwamba mashine ya kumbukumbu ya kituo chetu cha Bweranyange imepigwa na radi ukaomba simu, ukaongoza kazi yote ukiwa kitandani, na ulipoambiwa imewaka ukafumba macho. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami, ambaye hakunifahamu, alifuta machozi akaninong'oneza, "Wafanyakazi wa namna ile wamekwisha."

Nilimwitikia kwa kichwa tu. Lakini tangu nirudi nyumbani sipati raha. Nimeona nikuandikie, na nikuandikie mahali ambapo wengine pia watasoma, kwa sababu hadithi ile imeshatembea mpaka Murongo na inazidi kunoga kila inaposimuliwa. Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu. Naona nina haki ya kusema nilichosikia.

Unakumbuka siku uliyofika kituoni kwetu? Ulishuka kwenye bodaboda umekumbatia boksi lililofungwa kwa blanketi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilikuwa zamu. Ukanisalimia, halafu ukasema, "Sista, naomba meza isiyotikisika."

"Isiyotikisika ni ile ya kujifungulia," nikakujibu, "na ina mtu."

Ulicheka mpaka ukalazimika kuliweka boksi chini. Ukaishia kupewa meza ya chumba cha kumbukumbu, ukakata kipande cha kandambili ukakipachika chini ya mguu mmoja ili itulie. Nilipokuletea chai nilikuuliza ni kitu gani hicho kinachohitaji kubembelezwa namna hiyo. Ukaniambia ni nodi. Ziko tatu, moja Kayanga, moja Murongo, na hii. Kila moja ina nakala ya kadi zote za wagonjwa, na kabla ya jambo lolote kuandikwa lazima angalau mbili zikubaliane. Nikauliza kwa nini tatu. "Moja ikifa, mbili zinabaki na kila kitu," ulisema. "Zikifa mbili, ile iliyobaki inanyamaza. Haiandiki kitu, maana haina wa kuulizana naye."

Sikuelewa sana, lakini nilipenda ulivyoeleza, taratibu, kama mtu anayeamini kwamba anayemsikiliza ana akili.

Mama yangu alikuwa na wasiwasi na wewe kwa sababu ulikuwa Mhaya wa Muleba, na Wanyambo tuna maneno yetu kuhusu Wahaya. Siku ulipokuja nyumbani alikupa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, akakutazama unavyotafuna, kisha akauliza unafanya kazi gani. "Waitu," ukamwitikia kwa heshima, "natunza kumbukumbu za wagonjwa." Akataka kujua kama wewe ni mganga. "Hapana, mama. Natunza sanduku lenyewe." Kuanzia siku hiyo hakukuita jina. Ulikuwa "yule wa sanduku" hata kwenye harusi yetu, hata Asimwe alipozaliwa.

Ulinifundisha kazi yako kwa sababu ya Murongo. Kule sola ilikuwa inasumbua, ulikuwa ukiitwa kila mara, na ukiwa njiani huku mashine ya Bweranyange imeganda hapakuwa na mwingine wa kuigusa. Jumapili tukitoka kanisani ulinikalisha mbele ya ile skrini nyeusi, Asimwe mgongoni, ukaanza kunitajia amri. Niliichukia. Haikuwa na picha hata moja, haina pa kubonyeza, ni kimstari kimoja cheupe kinachopepesa. Nikakuambia inanitisha.

"Haikutishi, inakusubiri," ulisema. "Wewe andika. Halafu kabla ya kubonyeza enta, nisomee."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu miaka yote. Ulikuwa Murongo, mimi Bweranyange, simu iko mezani imewekwa sauti kubwa. Unataja, naandika, nakusomea, unasema bonyeza. Tulizungumza sana kwa njia ile. Siku nyingine nikijiuliza ni lini hasa tulikaa tukaongea mambo mengine, naona ni katikati ya amri, wakati mashine inafikiri. Hapo ndipo uliponiambia kwamba baba yako amefariki. Hapo ndipo mimi nilipokuambia kwamba ujauzito wa pili umeharibika.

Kisha macho yako yakageuka manjano. Niliyaona mimi kwanza, mezani, tunakula senene, na kwa kuwa ni muuguzi nilijua kabla ya kipimo chochote kwamba jambo lile si dogo. Nilikuambia labda ni malaria. Uliitikia. Kayanga wakatupeleka Bukoba, Bukoba wakatupeleka Mwanza, na Mwanza wakasema ni kansa ya ini na imeshakwenda mbali. Likizo yangu ilipokwisha nilirudi kituoni, dada yako Advera akabaki kukuuguza. Siku ya kuagana tumbo lako lilikuwa limejaa maji na miguu imevimba. Ukaniuliza kama nimepandisha sola ya Bweranyange upande wa jua. Nikasema nimepandisha.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Asubuhi, kabla sijafungua chumba cha sindano, Advera alinipigia. "Wifi, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

"Madaktari wamesema tumchukue nyumbani. Wamesema hawana la kufanya tena." Nikasikia anavuta pumzi. "Amenikataza nisikwambie. Anataka uje kwanza, akuambie mwenyewe. Lakini nimeshindwa, wifi. Nimeona ukija bila kujua utaanguka."

Basi la Mwanza hutoka Kayanga alfajiri, na siku ile lilikuwa limeshaondoka. Nikaomba ruhusa, nikapanga kuondoka kesho yake, kisha nikafungua chumba cha sindano, kwa sababu watu walikuwa kwenye benchi na tulikuwa wawili tu kituoni, mimi na msaidizi wangu Devotha. Nilichoma sindano. Nilipima mimba. Hakuna aliyejua kitu.

Mchana mvua ikaja na ngurumo. Radi ilipiga mahali karibu sana, taa zikazima, na kutoka chumba cha kumbukumbu ikatoka harufu ya plastiki inayoungua. Nilikuta modemu imeyeyuka na mashine imekufa. Nilibonyeza mara kadhaa, haikutoa hata mlio.

Mratibu alinipigia muda si mrefu baadaye. Kayanga walikuwa wameona kwamba Bweranyange haijibu. Akasema hali ya Murongo nayo ni mbaya, mawingu yametanda siku nyingi, betri imechoka, mashine inawaka na kuzimika. "Ikilala ile," akasema, "Kayanga haitaandika kitu, na vituo vyote havitafungua kadi ya mgonjwa hata mmoja. Mashine ya akiba iko kwako. Ongea na Baba Asimwe akuelekeze."

"Baba Asimwe ni mgonjwa."

"Najua, Mama Asimwe. Nimeshaongea naye. Amesema atakupigia."

Hapo ndipo hadithi yao inapoanza kupinda. Hukuomba simu. Ulipigiwa, ukiwa umelala na mpira wa kutoa maji tumboni, siku ileile madaktari walipokuambia uende nyumbani. Nilikuwa bado nimeshika simu, natafuta maneno ya kumjibu mratibu, ikaingia ya kwako.

"Mama Asimwe, ile mashine ya akiba iko wapi?"

"Juu ya kabati, nyumbani."

"Ilete."

Nilikimbia kwenye mvua mpaka nyumba za watumishi nikarudi nayo chini ya koti. Nilimwachia Devotha wagonjwa. Nikaunganisha betri, kibodi na modemu ya zamani, simu nikaiweka mezani. Nyuma yako nilisikia wodi nzima, masinia yanagongana, mtu anakohoa. Sauti yako ilikuwa ya mtu anayezungumza huku anapanda mlima.

"Ingia Kayanga kwanza," ulisema. "Lazima tumtoe aliyekufa, ndipo tumwingize mpya."

Kisha ukaanza kutaja, kistari, kistari tena bila nafasi, alama ya mkwaju, herufi ndogo zote. Niliandika.

"Nisomee."

Nikakusomea.

"Bonyeza."

"Imesema ameondolewa."

"Haya," ulisema. "Sasa tumwingize mwingine."

Nikauliza tuiite jina lilelile. Ukakataa, ukasema ikirudi na jina la ile iliyokufa wenzake watachanganyikiwa, tuiite Bweranyange mbili. Tukaandika anwani yake na anwani za wenzake wawili. Tukaandika ufunguo, ule mrefu usio na maana, na kwa kuwa simu ilikuwa inakatika ulinitajia herufi moja moja kwa majina ya watu na mahali, k ya Kayanga, m ya Muleba, a ya Asimwe. Kwenye a ya Asimwe ulikohoa kabla ya kuendelea. Tulipofika kwenye hali ya kundi, yaani mashine zote tatu kwa pamoja, ukanisisitiza niandike kwamba kundi lipo tayari, nisithubutu kuandika kwamba ni jipya. "Ukiandika jipya itaanza peke yake, tupu, itadhani duniani hakuna mwingine."

Nikaiwasha. Ikakataa.

"Nisomee neno kwa neno."

Nilikusomea Kiingereza kile kirefu, nikijikwaa. Nilidhani umelala. Halafu ukasema, "Saa. Angalia saa ya mashine."

Nikaangalia. Mashine ilikuwa imekaa juu ya kabati imezimwa miaka na miaka, na ilikuwa inaonyesha mwaka ambao Asimwe alikuwa hajazaliwa. Nilipokutajia mwaka huo ulicheka, kicheko chembamba kisicho na pumzi.

"Inadhani hatujaoana," ulisema. "Ndiyo maana wenzake hawaikubali. Iambie leo ni lini."

Nikaiandikia tarehe ya siku ile. Niliisoma mara mbili kabla ya kubonyeza. Nikaiwasha tena, na maneno yakaanza kushuka kwenye skrini, ikawa inavuta kadi kutoka Kayanga, maelfu ya kadi, chanjo za watoto, vidonge vya watu wetu wa kila mwezi, kila kitu. Tulisubiri. Ilipotulia ukaniagiza nitoe amri ya kuuliza hali.

"Kayanga nzima," nikasoma. "Murongo nzima. Bweranyange mbili nzima."

"Angalia tena."

Nikaangalia. "Zote nzima."

"Tena. Nisomee zote."

Nikasoma. Mvua ilikuwa imepungua, Devotha alichungulia mlangoni akaniona, akaondoka bila kuuliza. Ukasema tena. Nikasoma tena, Kayanga, Murongo, Bweranyange mbili. Kazi ilikuwa imekwisha zamani, Baba Asimwe. Wewe ulijua na mimi nilijua. Sikumbuki tulirudia mara ngapi. Nakumbuka tu kwamba kila nilipomaliza kusoma niliogopa utasema basi.

Mwishowe ukauliza, "Asimwe amekula?"

"Amekula."

"Kesho unakuja?"

"Nakuja. Basi la alfajiri."

"Kuna jambo nitakwambia ukifika."

"Sawa," nikasema. "Nitakusikiliza."

Advera akachukua simu, akasema madaktari wamekuja.

Hukufumba macho pale. Hilo nalo lisemwe. Uliishi jioni ile yote na usiku wake, na Advera ameniambia ulivyoupitisha. Dawa ya maumivu ilichelewa. Ulimwita mama yako, ambaye amekufa siku nyingi. Ulimshika Advera mkono ukamuuliza kama kule unakokwenda kuna giza, ukalia. Sikuoni vibaya hata kidogo. Nimewashika mikono wengi wanaokufa na ninajua karibu wote huogopa. Lakini wanapokupigia makofi kama mtu aliyekufa akitabasamu kwa ajili ya kompyuta, naona wanamzika mtu mwingine nisiyemfahamu.

Mimi nilikuwa ndani ya basi, tumekaribia Geita, Advera alipopiga. Alisema "wifi" akashindwa kuendelea. Nikamwambia nimeelewa. Abiria aliyekaa pembeni yangu, mzee aliyepakata begi, aliniangalia akanipa maji bila kuuliza kitu.

Walikuzika Muleba, kwenye kibanja cha baba yako, katikati ya migomba, kama ndugu zako walivyotaka. Mratibu alikuja na shada la maua na ile hadithi, na nilipoona kaka zako wanavyonyoosha migongo wakimsikiliza sikuwa na moyo wa kuwanyang'anya. Hawakuwa na kitu kingine cha kushika siku ile.

Lakini juzi, kikao kilipokwisha, nilimfuata kwenye gari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Asimwe. Umesikia tulivyomkumbuka mwenzetu?"

"Nimesikia. Naomba usisimulie tena namna ile."

Akashangaa. "Kwani nimekosea wapi?"

"Hakuomba simu. Wewe ndiye uliyempigia. Na hakufa pale. Alikufa kesho yake, kwa maumivu, akiwa anaogopa."

Alizungusha funguo za gari mkononi. Si mtu mbaya. Alisema kama si wewe vituo vyote vingesimama siku ile, nami nikamwambia najua. Akasema watu wanapenda kusikia kitu cha kuwatia moyo, hasa wageni wanaotoa fedha. Nikamwambia, "Basi waambie alikuwa na mke, na kwamba kabla hajafa hawakuongea kingine ila amri za mashine." Akainamisha kichwa. "Pole sana, mama," akasema, akaingia ndani ya gari. Sijui kama ataacha.

Huku tunaendelea. Mashine inafanya kazi. Siku hizi inashughulikiwa na kijana wa Bukoba, yuko hukohuko kwao, anaingia kwa mtandao, sina ninachoulizwa. Mara chache napita chumba cha kumbukumbu nikisikia feni yake inazunguka naendelea na safari yangu. Asimwe amekuwa mkimya. Amekataa kuja kaburini mara zote mbili na sikumlazimisha. Kahawa imezaa mwaka huu, na Advera alikuja kunisaidia kuichuma.

Tukiwa tunaianika uani, Advera aliacha kazi akakaa chini. Akaniambia kuna kitu alikuwa hajanieleza. Baada ya simu ile, madaktari walipoondoka, ulimuuliza, "Unadhani amejua?"

Naye akakujibu, "Hajui."

"Afadhali," ulisema. "Acha leo alale."

Ukageukia ukutani.

Advera alilia akiniomba msamaha, mara kwa kunieleza siri yako, mara kwa kukudanganya wewe. Nikamshika tu. Alitupenda wote wawili na alikuwa peke yake pale.

Lakini wewe sijakuaga bado, na siwezi kukuaga na uongo ule katikati yetu. Sikulala, Baba Asimwe. Nilijua tangu asubuhi, kabla ya mvua. Nilipomwondoa yule aliyekufa nilijua. Nilipoandika tarehe nilijua. Uliponiambia niangalie tena, niliangalia tena kwa sababu nilijua. Uliondoka ukidhani jambo lile umelibeba peke yako ili mimi nipumzike, na ndicho kinachoniuma kuliko kifo chenyewe, kwa sababu saa ile yote, wewe kule na mimi huku, tulikuwa tumelibeba wawili.

Pumzika sasa, mume wangu.

Mkeo,
Mama Asimwe